Mita Sitini Kutoka Wapi?

Shangazi yangu ana kishamba cha mchicha na nyanya kando ya ziwa, upande wa Luchelele, mahali ambapo miamba ya Mwanza inaishia mapema na kuacha tambarare ya udongo mweusi usiohitaji mbolea ya dukani. Miaka kadhaa iliyopita walifika hapo vijana wenye futi kamba na daftari, wakapima mita sitini kuanzia ukingo wa maji kuja juu, wakasimika kigingi cha zege chenye kichwa chekundu, kisha wakamweleza kwa adabu kwamba ardhi yote iliyo kati ya kigingi kile na maji ni eneo la hifadhi na haitakiwi kufanyiwa shughuli za kibinadamu. Shangazi aliwapa uji, akawauliza kama kuchuma mchicha nako ni shughuli ya kibinadamu. Walicheka, wakamaliza uji, wakaandika jina lake.

Mvua za vuli za mwaka 2019 zilinyesha kuliko kawaida, masika ya 2020 yakapokea kijiti, na ziwa likapanda kwa zaidi ya mita moja katika kipindi cha miezi michache. Mwezi Mei 2020 kipimo cha Jinja, ambako Mto Nile unatoka ziwani, kilisoma mita 13.42, juu kidogo ya rekodi ya mita 13.41 iliyokuwa imedumu tangu 1964. Sentimita moja ni kitu kidogo kwenye karatasi. Pale Luchelele maji yaliuzamisha mchicha wote, yakaifuata tambarare hatua kwa hatua, yakafika kwenye kigingi chenyewe, na mjomba wangu, ambaye hajawahi kuacha kitu kisimame bure, akaanza kukitumia kufungia mtumbwi.

Nilipofika kumjulia hali mwezi ule nilimkuta amekaa juu ya jiwe, miguu majini, akishona wavu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Umeona serikali ilivyotufikiria? Wametujengea gati."

Tulicheka, lakini swali alilouliza baadaye, huku akivuta uzi kwa meno, sijalipatia jibu mpaka leo. Aliniuliza kwamba kama wale vijana wangerudi siku ile na futi kamba yao, mita sitini zingeanzia wapi. Kwa hesabu ya haraka zingeishia jikoni kwa shangazi.

Kifungu cha sheria kilichowaleta vijana wale kinafahamika. Ni kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kinachozuia shughuli za kudumu, au zile ambazo kwa asili yake zinaweza kudhuru mazingira, ndani ya mita sitini kutoka ufukwe wa bahari au ziwa la asili, ukingo wa mto au bwawa. Sina ugomvi na nia yake. Ukanda ule wa mwisho kabla ya maji ndiko mafunjo na matete yanakoota, na mizizi yake ni chujio: maji yanayotoka mlimani yakiwa na tope hupunguza mwendo hapo, tope hutua, na sehemu ya virutubisho hunyonywa na mimea kabla haijafika ziwani. Humo humo ndimo samaki wengi wanamotagia na vifaranga wanamojificha. Mtu akiyafyeka mafunjo ili apande nyanya amebomoa ukuta wa chumba cha kujifungulia, na shangazi yangu, nampenda sana, lakini aliyafyeka.

Ninachobishana nacho ni namna mita sitini zinavyotembea zikishashuka kutoka kwenye kitabu cha sheria. Nimezunguka ufukwe huu tangu nikiwa mtoto, na nimeona kwamba kigingi husimama imara mbele ya bustani ya mboga na huanza kuyumba kinapokaribia ukuta wa jengo la ghorofa. Mwenye mchicha huambiwa siku hiyo hiyo aondoke, ilhali mwenye jengo huambiwa alete michoro, tathmini ya athari kwa mazingira, na barua. Haya yote ni halali, kwa kuwa utaratibu wa vibali upo na yeye ana mtu wa kumwandikia barua. Mwisho wa safari ufukwe unabaki na mabanda machache ya mboga yaliyovunjwa na kuta nyingi za mawe zilizojengwa hadi ndani ya maji, na samaki hatagi kwenye ukuta wa mawe.

Hata hivyo, tuseme kifungu kile kingetekelezwa kwa haki kabisa, kila mtu akarudi nyuma hatua zake, mafunjo yakaota upya kutoka Kayenze mpaka Mkolani. Bado naamini ziwa lingeendelea kuugua, kwa sababu sehemu kubwa ya ugonjwa wake inatoka mbali kuliko mita sitini. Sheria zetu nyingi zinazohusu ziwa zimeandikwa na mtu aliyesimama ufukweni akitazama maji, akihesabu mitumbwi na nyavu, huku ameupa mji mgongo. Ageuke kidogo tu atauona Mto Mirongo.

Kwa wasioijua Mwanza, Mirongo ni mto mdogo unaopita katikati ya jiji, ukashuka kupitia Mabatini na maeneo ya sokoni hadi ziwani. Wakati wa kiangazi mtu anauruka. Mvua ikinyesha kwa nusu saa unakuwa mto kweli, nao hauji mikono mitupu. Mwaka jana nilisimama juu ya daraja baada ya mvua ya asubuhi nikatazama kinachopita: chupa za maji zisizohesabika, kandambili moja ya mguu wa kushoto, godoro la sponji lililokunjika kama chapati, mapumba, na nyuma ya hivyo vyote maji yenyewe, ya rangi ya chai ya maziwa na yenye harufu ambayo kila mtu pale darajani aliitambua na hakuna aliyeitaja. Mvua ya namna ile ndiyo wenzetu wa milimani huisubiri. Nyumba zilizopanda juu ya mawe ya Igogo, Mabatini na Isamilo haziwezi kuchimbiwa shimo la maana, kwa kuwa chini ya nusu mita ya udongo kuna mwamba, na gari la kunyonya majitaka haliwezi kupanda ngazi. Choo kikijaa, mwenye nyumba husubiri mawingu. Saa ambayo mvua inapiga bati kiasi cha kuzuia mtu kusikia redio, mtu fulani anafungua kizibo.

Nayaeleza bila kumcheka mtu, kwa sababu nimekulia katika nyumba ya namna hiyo na kile kizibo nimekishika kwa mikono yangu.

Ndiyo maana mradi wa mazingira ulionifurahisha kuliko yote mjini kwetu ni ule ambao watu wachache wangeuita wa mazingira. Mamlaka ya maji ya jiji, MWAUWASA, ilipitisha mabomba membamba ya majitaka katikati ya nyumba za milimani, likiwamo eneo la Igogo, mabomba yanayofuata mteremko, yaliyofukiwa kwa kina kifupi au kulazwa juu ya mwamba, yakapokea choo cha nyumba moja baada ya nyingine hadi kwenye bomba kubwa chini. Hakuna kigingi kilichosimikwa wala daftari la majina ya wakosaji. Kaya inaunganishwa na inalipa ankara, na mvua ikinyesha hakuna anayetoka nje usiku. Sijui kama kuna mvuvi hata mmoja aliyewahi kushukuru kwa bomba la Igogo, ingawa kila choo kilichounganishwa pale ni uchafu usiofika kwenye wavu wake. Nyumba ambazo bomba halijazifikia bado ni nyingi mno.

Uzito wa jambo hili hauonekani mpaka mtu aelewe ziwa lenyewe linavyofanya kazi. Victoria ni pana sana, kilomita za mraba zinazokaribia 69,000, na karibu nusu yake iko Tanzania, lakini lina kina kifupi: kwa wastani kama mita 40, na mahali penye kina kirefu ni mita 80 na ushei. Takribani asilimia 80 ya maji yake huingia kwa mvua inayonyesha moja kwa moja juu ya ziwa, na kiasi kinachokaribia hicho huondoka kwa njia ya mvuke, ilhali Nile huchukua sehemu ndogo tu. Sasa mvuke unaondoka na maji matupu. Chumvichumvi, fosforasi ya sabuni na ya choo, naitrojeni ya mashambani, kwa sehemu kubwa vinabaki humu ndani. Ni sufuria iliyo jikoni miaka yote, inaongezwa maji na kukaukiwa, inaongezwa na kukaukiwa, na masalia humwagwa kidogo mno. Wala masalia hayo hayaletwi na mito peke yake, kwa sababu moshi na vumbi la mashamba yanayochomwa kila kiangazi hubeba fosforasi na kuishusha juu ya maji. Mkulima anayechoma nyasi kilomita mia moja kutoka hapa, mtu ambaye pengine hajawahi kuliona ziwa, naye analirutubisha.

Ziwa lililorutubishwa huota mimea, na hapa ndipo magugu maji yanapoingia. Yalionekana ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980, asili yake Amerika ya Kusini, na kufikia katikati ya miaka ya 1990 yalikuwa yamefunga bandari, mialo ambako wavuvi hushushia samaki, na vyanzo vya maji katika nchi zote tatu. Nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka wanaume wakisukuma mtumbwi juu yake kama wanaoburuta kitanda ndani ya shamba la mpunga. Walioyapunguza zaidi ni wadudu: mbawakavu wadogo wa aina mbili, wa jenasi ya Neochetina, ambao asili yao ni kule kule yalikotoka magugu. Ukichuma jani lake leo, litazame dhidi ya jua, utaona makovu madogo ya mraba, kama mtu amelikwangua kwa ncha ya kisu. Huo ni mlo wa mbawakavu. Walifugwa kwenye mabeseni, wakaachiwa, na kwa msaada wa mawimbi na mvua za El Niño za 1997 na 1998 magugu yakazama kwa kiasi ambacho mashine na mapanga hayakuwahi kukifikia.

Tukadhani yamekwisha. Mbawakavu hula jani, hawali fosforasi, na chakula kikiwa kingi majini gugu huota haraka kuliko wanavyolitafuna. Kila baada ya miaka michache Ghuba ya Mwanza hujaa tena. Nimewahi kukaa saa nyingi ndani ya chombo cha abiria kilichozingirwa na zulia hilo, injini ikiunguruma bila kwenda, mama mmoja akimwambia mwanawe asijaribu kushuka kwa kudhani ni nchi kavu. Kila yanaporudi huundwa kikosi, hununuliwa au kuahidiwa mashine, watu hupiga picha wakiwa wamevaa makoti ya kuokolea, na nimesikiliza hotuba nyingi za siku hizo bila kusikia neno choo likitamkwa hata mara moja.

Tunakoenda kwa bidii kumtafuta mkosaji ni kwa mvuvi. Sitaki kueleweka kwamba sheria za uvuvi hazina maana. Ziwa hili limeshapoteza mamia ya aina za furu, samaki wadogo ambao bibi yangu alikuwa akiwapika kwa mlenda, walioliwa na sangara aliyepandikizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960 ili kuongeza mapato. Mapato yaliongezeka kweli, viwanda vya minofu vikaota Mwanza, na siku hizi hata bondo, mfuko wa hewa wa sangara ambao zamani ulitupwa pamoja na utumbo, lina bei ya kumfanya mtu alale nalo chini ya mto. Samaki mwenye thamani hiyo akiachwa bila sheria ataisha. Kwa hiyo iliwekwa kanuni kwamba sangara halali awe wa kati ya sentimita 50 na 85, ili mchanga akue na mzazi mkubwa aendelee kutaga. Kokoro, wavu wa kukokotwa hadi ufukweni, ni marufuku kwa sababu linakwangua mazalia, na timba, wavu wa nailoni ya uzi mmoja, ni marufuku kwa sababu nyuzi zake hazionekani majini na zikikatika huendelea kuua bila mwenyewe.

Ila mtazame mjomba. Wavu wake uliwahi kuchukuliwa katika msako mmoja, kwa madai kwamba matundu yalikuwa madogo. Aliununua dukani, mjini, kwa risiti, kama wavu wa kipimo halali. Unapolowa na kuvutwa misimu miwili wavu hubadilika, na afisa mwenye rula aliubana kwa namna yake, mjomba akaubana kwa namna yake, wakapata vipimo viwili tofauti, na kati ya wawili hao mmoja alikuwa na kiberiti. Aliyeuza hakuulizwa. Kwa miezi minne mjomba aliazima nyavu za watu, nami sina haja ya kusema alizoazima zilikuwa za namna gani.

Jambo linaloniudhi ni kwamba njia nyingine ilikwisha kubuniwa hapa hapa. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 kila mwalo ulianza kuundiwa kikundi cha ulinzi shirikishi wa rasilimali za uvuvi, ambacho wavuvi wenyewe hukiita BMU, na humo wapo wenye mitumbwi, vibarua, wachuuzi na mafundi. Watu hawa wanajua kila kitu. Wanajua nani alitoka na kokoro usiku wa giza, nani anapiga katuli, yaani kuyapiga maji ili samaki wakimbilie wavuni, kwenye mazalia, na gari gani lilibeba samaki wachanga alfajiri. Mwenyekiti wa BMU ya mwalo wa kwetu aliwahi kunionyesha ofisi yake: meza, mhuri, daftari la doria lenye kurasa nyingi nyeupe, na dumu la petroli ambalo lilikuwa tupu kwa muda mrefu kiasi kwamba buibui amefuma utando mdomoni mwake. Ushuru wa samaki hukusanywa mwaloni pale pale kila asubuhi na kupanda kwenda ulikopangiwa. Kinachorudi hakitoshi lita ishirini. Anaombwa awazuie jirani zake, ambao ni shemeji zake na wadeni wake, bila posho, bila boti, na bila uhakika kwamba akimkamata mtu hatamkuta nje kesho yake.

Hapa Usukumani hatuhitaji kwenda mbali kujifunza namna nyingine. Mababu walikuwa na ngitili, eneo la malisho lililofungwa tangu masika ili nyasi zisubiri kiangazi, na kila mtu alijua mpaka wake bila kigingi, maana aliyevunja mwiko huo alishughulikiwa na wenzake. Baadaye miti ilifyekwa kuwafukuza mbung'o, pamba ikachukua ardhi, uhamishaji wa vijijini miaka ya 1970 ukawatenga watu na ngitili zao, na Shinyanga ikawa karibu jangwa. Mwaka 1986 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ambao mwanzoni nao ulikuwa na mapenzi ya kugawa miche. Maofisa wake waligundua kwamba kazi kubwa ilikuwa kuwarudishia watu ngitili na kukubali kwamba kuni, asali, dawa na majani ya kuezekea vya humo ni mali yao. Mamia ya maelfu ya hekta yalirudi kijani, mengi kwa kuachwa tu yaote. Najua ziwa si malisho, samaki haheshimu mpaka wa kijiji wala wa nchi, na mwalo una wageni wengi wanaohama na samaki. Lakini mazalia hayahami. Ghuba ndogo yenye mafunjo, mbele ya mwalo mmoja, inaweza kuwa ngitili ya majini kama wenye mwalo watapewa haki ya kuifunga na fungu la ushuru la kuilinda, na kama mtu wa mlimani atakuwa amepata bomba.

Serikali inapoamua, inaweza. Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchi nzima, na nakumbuka jinsi ambavyo katika wiki chache tu sokoni Kirumba dagaa walianza kufungwa kwenye karatasi na mifuko mipya. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, miezi mitatu mizima. Huku kwetu mazungumzo ya kulipumzisha Victoria kwa namna hiyo yamekuwa yakizuka na kutulia. Shangazi, ambaye pia huanika dagaa kwenye chanja, akisikia habari hiyo huuliza kama na Mirongo utapumzishwa.

Maji sasa yameshuka kiasi. Kigingi kiko nchi kavu tena, kimeinama, na kichwa chekundu kimegeuka rangi ya waridi kwa jua. Mjomba ameacha kamba yake hapo hapo, anasema hakuna haja ya kuifungua kila mara. Nilipokwenda Jumapili iliyopita nilikuta shangazi ameshaandaa matuta mapya, safari hii upande wa juu wa kigingi, akiwa ameacha chini yake kipande kikubwa ambacho mafunjo yameanza kuchipua yenyewe. Nilimsifu kwa kutii sheria. Alinitazama kwa muda, akafuta mikono kwenye khanga, akasema kwamba masika iliyopita sato walitagia humo, vifaranga alikuwa akiwaona akichota maji, na jirani aliyetaka kukata mafunjo ya kusukia mikeka amemkatalia. Kisha akaniuliza kama nawajua wale vijana wa futi kamba, maana amesikia watakuja tena kupima, na angependa kuwaonyesha kabla hawajaanza kuhesabu.